Kuingia Si Kukaa: Kwa Aliyeachiwa Gobore la Babu

Matanga yakiisha, ndugu wanagawana majembe, mablanketi na madeni ya dukani. Mara nyingi hubaki kitu kimoja ambacho hakuna anayekitaja. Kimelazwa darini juu ya moto wa jikoni, kimeviringishwa kiroba cha salfeti, kimekolea moshi wa miaka. Kila mtu anajua kipo. Watoto walikatazwa kukigusa, wake wa nyumba walipika chini yake, na mwenyewe sasa amelala nyuma ya nyumba.

Kijana aliyenieleza habari zake alinikuta kando ya barabara kuu pale Isongole, magunia ya viazi yakisubiri lori, ukungu umeufunika Mlima Rungwe hadi mabegani. Alinipa shikamoo, akatazama huku na huku, kisha akashusha sauti: "Mzee, lile la babu mtambo wake umevunjika. Kuna fundi anasema anacho kifaa kinachoingia. Nimpelekee?"

Nilimjibu papo hapo kwamba asimpelekee. Lakini mtu mwenye mzigo darini hashibi kwa jibu la neno moja. Makala hii ni jibu lililobaki. Namwandikia yeye, na wengine walioachiwa gobore wasijue wafanye nini nalo.

Neno la fundi

Kila anayeendesha bodaboda kati ya Kiwira na Isyonje anajua kwamba spea kuingia ni jambo moja na spea kukaa ni jambo jingine. Pistoni mpya inaweza kuingia kwenye bloku ya zamani bila kusukumwa. Fundi anafunga, pikipiki inawaka, mwenye chombo analipa na kushukuru. Wiki mbili baadaye inatoa moshi, inakula oili, na ikibebeshwa viazi inagoma kupanda mlima. Pistoni iliingia, haikukaa. Bloku ilikuwa imelika upande mmoja na hakuna aliyeipima.

Kwenye pikipiki kosa hilo linakula fedha na siku za kazi. Kwenye silaha ya baruti linakula vidole, au jicho, au mtoto aliyesimama kando kutazama. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia sheria, tuanze na chuma chenyewe. Nimekutana na vijana wanaodhani serikali inakataza magobore kwa wivu tu. Wakielewa chuma, sheria wataielewa bila kusukumwa.

Wenye mashine nao hupima

Chukua mfano wa mbali kwanza. Huko Italia, mkoani Brescia, kuna viwanda vinavyotengeneza nakala za bastola za kale za Marekani: Colt ya 1851, Colt ya 1860, na Remington iliyozoeleka kuitwa ya 1858. Uberti ilianza kazi mwaka 1959, na Pietta ikafuata miaka ya 1960. Wanunuzi ni wapenda historia na washindani wa shabaha. Bastola hizi hazitumii risasi za ganda. Kila tundu la silinda hujazwa kwa mbele baruti nyeusi, kisha kitufe cha risasi, na nyuma yake huvishwa fataki. Zikishalia mara 6, kuzijaza upya huchukua dakika kadhaa.

Ndiyo maana wengi hununua silinda ya akiba. Remington huwarahisishia kazi: unavuta nyundo nusu, unashusha wenzo ulio chini ya mtutu, unachomoa pini, na silinda inatokea ubavuni. Colt ina kazi zaidi, kwa sababu mtutu wake umeshikiliwa na kabari. Uigonge kabari itoke, uvue mtutu mzima, ndipo uifikie silinda.

Silinda mbili za kiwanda kimoja, za modeli moja, zimetoka kwenye mashine ileile. Mtu angetegemea kutoa hii na kuingiza ile, basi. Mara nyingine huwa hivyo. Mara nyingi silinda ya akiba huingia lakini haikai, na silinda ya Uberti kwa Pietta usiitegemee kabisa. Mafundi wa kazi hiyo hupima mambo manne, bastola ikiwa tupu, haina baruti wala fataki.

La kwanza ni kufunga. Nyundo inapovutwa, kidole cha chuma husukuma silinda izunguke, na kishikio kilicho chini huinuka kuingia kwenye kitobo kilichochongwa ubavuni mwa silinda ili kuifunga isicheze. Kishikio kiwe kimeshaingia nyundo inapofika mwisho wa safari yake. Fundi huvuta polepole, tundu kwa tundu, mara 6. Matundu 5 yakifunga na moja likakataa, silinda hiyo haijakaa.

La pili ni mstari. Kila tundu lazima litazamane na mtutu sawasawa. Fundi hupitisha fimbo iliyonyooka, yenye unene wa kujaa mtutu, kuanzia mdomoni. Fimbo ikigota kwenye ukingo wa tundu, na risasi itagota. Itanyolewa upande mmoja, na vipande vyake vitaruka pembeni.

La tatu ni nafasi kati ya uso wa silinda na kisogo cha mtutu. Ni upana wa karatasi moja au mbili, yaani sehemu 1 au 2 za kumi za milimita. Ikibana mno, masizi ya baruti yanaikamata silinda baada ya milio michache. Ikipanuka mno, moto na gesi vinatokea ubavuni na kumchoma mpigaji au jirani yake.

La nne ni vinundu vinavyovishwa fataki. Nyundo ikivigonga moja kwa moja, vinapondeka. Ikivikosa kwa mbali, fataki haiwaki.

Hapa ndipo wageni wa mchezo huo hujikwaa. Mtu anaona silinda mpya haifungi vizuri, anachukua tupa, anakikwangua kile kidole kinachoizungusha. Silinda mpya inakaa. Akirudisha ya zamani, haifungi tena. Sasa ana silinda mbili na bastola moja mbovu. Wazoefu wana kanuni yao: anayerekebishwa ni mgeni, nyumba haivunjwi kwa ajili yake. Silinda ya akiba ndiyo inayochongwa ifuate bastola, na ikishindikana inarudi dukani. Ikishapatana nayo, inawekewa alama ili isipelekwe kwenye bastola nyingine. Hata Samuel Colt, aliyezipeleka bastola zake kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851 na kusifiwa kwa mashine zake, bado alikuwa na watu wa kumalizia vipande kwa tupa na kuvigonga namba moja visichanganyike na vya bastola nyingine.

Kwa msomaji wetu aliye ughaibuni mwenye mchezo huo kihalali, nina maneno matatu. Kwanza, kwa sheria ya Uingereza silinda ni sehemu ya silaha, kwa hiyo hata ile ya akiba haikai kabatini bila cheti. Marekani sheria ya shirikisho inazihesabu nyingi kati ya nakala hizi kuwa silaha za kale, lakini kila jimbo lina yake, uulize kwanza. Pili, usitembee na silinda iliyojazwa na kuvishwa fataki mfukoni. Ikiwa nje ya bastola haina cha kuizuia, na ikiangukia fataki juu ya jiwe inaweza kulia. Tatu, usiifunge bastola hiyo kwenye begi umletee mjomba Tukuyu kuwa zawadi. Ikishafika Tanzania ni silaha kama silaha nyingine, na mwenye kushikwa nayo atakuwa mjomba.

Turudi darini sasa. Ikiwa kiwanda chenye mashine na vipimo hakiwezi kuahidi kwamba silinda yake itakaa kwenye bastola yake mwenyewe, fundi wa kijijini anaahidi nini kuhusu gobore? Bastola ile ina mapacha maelfu. Gobore halina hata mmoja.

Lilivyofika darini

Karne ya 19 ilipoelekea ukingoni, bunduki ziliingia Afrika Mashariki kwa wingi. Mwaka 1888 konsuli mkuu wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yakihamia kwenye bunduki za kupakilia nyuma. Zilifika huku kwetu kwa misafara ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kati ya 1887 na 1889, mfanyabiashara Mlozi alipigana na kampuni ya Waingereza ya African Lakes huko Karonga, si mbali na nchi ya Wanyakyusa.

Kisha mataifa ya Ulaya yakakutana Brussels, na mkataba wa 1890 ukafunga mlango wa bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Uliachwa mwanya, chini ya usimamizi wa serikali, kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya biashara. Maana yake ilikuwa wazi: Mwafrika abaki na silaha ya zama zilizopita. Mwaka uliofuata wamisionari Wamoravian walijenga kituo chao Rungwe, na utawala wa Kijerumani ukawa unasogea. Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ilipopiganwa mashariki mwetu, wengi wa wapiganaji wenye bunduki walikuwa na magobore, wakikabiliana na bunduki za rashasha. Hata askari wa Mjerumani wenyewe, hadi vita ya 1914, wengi walibeba Mauser za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Moshi wake mweupe ulimwonyesha adui mahali askari alipojificha.

Nimeieleza historia hii kwa sababu ya jambo moja. Gobore la babu linaweza kuwa la aina tatu. Linaweza kuwa bunduki ya kale kweli, iliyokuja kwa meli. Linaweza kuwa kazi ya mhunzi wa hapa, na eneo hili halikukosa wahunzi: Wakinga wa Milima ya Livingstone walifua majembe na mikuki iliyowafikia Wanyakyusa muda mrefu kabla ya mzungu. Na linaweza kuwa chotara, mtutu wa bomba la maji, mtambo uliochongwa kwa springi ya gari, kitako cha mti wa shambani. Kwa zote tatu hakuna duka linalouza spea. Anachokiita fundi "kifaa kinachoingia" ni boliti au kipande cha chuma kingine alichokikata kwa jicho. Hana fimbo ya kupima mstari wala kipimo cha nafasi. Wala hajui chuma cha mtutu kimebaki unene gani.

Na mtutu ndio wenye siri. Baruti nyeusi ikiungua, karibu nusu ya uzito wake au zaidi haigeuki gesi, hubaki kuwa masizi na chumvi. Chumvi hiyo hunywa unyevu. Sisi tunaishi sehemu ambayo ni miongoni mwa zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, kwenye miteremko mingine ya Rungwe hufikia milimita 3,000 kwa mwaka, na Isongole ukungu huingia hadi kitandani. Babu alifyatua mpigo mmoja, akalifuta gobore kwa nje, akalirudisha darini. Ndani, kule kisogoni ambako kitambaa hakikufika, kutu ikaanza kula. Kwa nje unaona chuma cheusi kilichopakwa moshi. Kwa ndani huenda kimebaki kama ganda la yai. Ukikiwekea mtambo mpya mzuri, umeupa nguvu ya kulipua mtutu usioweza kubeba mlipuko. Ubaya unazidi pale mtu anapotoa unga wa risasi za kisasa na kuutia humo. Unga ule hauna moshi mwingi, lakini msukumo wake ni wa namna nyingine kabisa, na gobore halikuumbwa kuubeba.

Lichukulie kuwa limejaa

Sasa ushauri wenyewe, hatua kwa hatua.

Ukiligundua, liache pale lilipo. Gobore huwa na tabia moja mbaya: linaweza kukaa limejazwa miaka na miaka. Mwindaji alirudi jioni bila kupata mnyama, hakutaka kupoteza baruti, akalitundika hivyohivyo. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki kwa urahisi. Mwaka 2008, huko Virginia nchini Marekani, mkusanyaji wa vitu vya kale aliuawa na kombora la vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe alipokuwa akilisafisha nyumbani. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1865. Na dari la jiko lina joto, ni pakavu kuliko sehemu yoyote ya nyumba.

Kwa hiyo usichungulie mdomoni. Usivute nyundo "kuona kama inafanya kazi". Usichokoe kwa waya, usiliweke juani, usilipashe moto kulainisha kutu, usilimwagie chochote. Moto wa jikoni chini yake uzimwe, na chakula kipikwe pengine mpaka mambo yaishe. Watoto waondolewe nyumba hiyo. Ukikuta pembeni pembe au chupa yenye unga mweusi, au kikopo cha fataki, navyo usivisogeze. Mwenye sigara asiingie.

Usilipige picha ukaituma kwenye kundi la ukoo. Picha ya silaha ikishaingia kwenye simu za watu 80 huwezi kuirudisha, na hujui ataisoma nani. Usilihamishie kwa shemeji wala usilizike shambani usiku. Aliyelizika akionekana, hataaminika tena kwamba alikuwa na nia njema, na atakayelifukua kwa jembe miaka 10 ijayo ni mwanao.

Tena jihadhari na wanunuzi. Taarifa za gobore la zamani huwavuta wale wanaotafuta "mali ya Mjerumani". Watakuja na maneno ya madini yaliyofichwa kitakoni na mteja anayesubiri mjini na mamilioni, ila kuna pesa kidogo ya kutoa kwanza. Ukiuza silaha bila kibali umetenda kosa, hata kama mteja ni wa kweli. Na mara nyingi si wa kweli.

Sheria inasemaje

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Haimpi mtu ruhusa ya kukaa na gobore bila leseni kwa sababu tu ni la kizamani au ni la urithi. Wala haimruhusu fundi yeyote kutengeneza au kukarabati silaha bila kibali. Kwa hiyo safari ya kijana wetu kwenda kwa fundi ingewaweka wawili hatiani, si mmoja. Na si jambo la faini ndogo: kumiliki silaha kinyume cha sheria ni miongoni mwa makosa yanayoshtakiwa kama uhujumu uchumi, na kesi za namna hiyo dhamana yake si ya kukimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kama babu alikuwa na leseni, tafuta karatasi zake kabla hujafanya lolote: kwenye sanduku, kwenye Biblia, nyuma ya picha ya ukutani. Lakini elewa kwamba leseni ni ya mtu, haifuati mirathi. Kikao cha ukoo kinaweza kumgawia mtoto shamba, hakiwezi kumgawia bunduki. Mwenye leseni akifa, silaha inapelekwa polisi, na anayetaka kuimiliki anaomba upya kwa jina lake.

Kama hakuwa na leseni, bado njia ipo. Miaka ya karibuni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Mwaka 2023 kilikuwa Septemba na Oktoba, na aliyesalimisha ndani ya muda huo aliahidiwa kutoshtakiwa. Kipindi kikitangazwa, usingoje siku ya mwisho. Na kama hakijatangazwa, usikae na mzigo ukisubiri redio. Taarifa ya mtu aliyekuja mwenyewe ina uzito tofauti na ya aliyekutwa.

Namna ya kulitoa

Usilichukue ukaliweka kwenye bodaboda kwenda Tukuyu. Barabarani hakuna atakayekuuliza unalipeleka wapi. Askari atakuona una silaha, na maelezo utayatolea mahabusu. Linaweza pia kulia kwa mtikisiko. Fanya hivi.

Kwanza, mueleze mkubwa mmoja wa ukoo anayeheshimika, ili jambo lisionekane ni lako binafsi. Baba mdogo au shangazi anatosha. Usiitishe kikao cha watu 40.

Pili, nendeni wawili kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, mkiwa mikono mitupu. Semeni maneno machache na ya kweli: marehemu ameacha gobore, tumelikuta siku fulani, hatujaligusa, tunaomba polisi waje walichukue. Kama kata yenu ina polisi kata, mtendaji atampigia. Kama mna wasiwasi, msaidizi wa kisheria anaweza kuongozana nanyi. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wahitaji hawapaswi kutozwa fedha.

Tatu, polisi wakija, waonyesheni mahali, msiwashushie wenyewe. Mwambieni askari wazi kwamba hamjui kama limejaa. Askari kijana aliyezoea bunduki za kisasa anaweza asijue kwamba gobore halina magazini ya kuchomoa ili kulifanya salama.

Nne, dai karatasi. Iwe na tarehe, jina la kituo, maelezo ya kilichochukuliwa, na saini. Nakala moja ikae na mkubwa wa ukoo, nyingine na mtendaji. Karatasi hiyo ndiyo itakayomlinda mjukuu siku jirani mwenye chuki atakapokumbuka kwamba "kwa kina fulani kuna bunduki".

Tano, msilipe chochote. Kusalimisha silaha hakuna ada.

Utabaki na nini

Nilipomweleza yule kijana yote haya alinyamaza, kisha akasema kitu kilichonigusa: "Sasa mzee, babu nitamkumbuka kwa nini? Alikuwa mwindaji. Hakuacha kingine."

Nikamsimulia habari ya mnyama. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa wakipita vijiji vya kuzunguka Mlima Rungwe, wakiwauliza wenyeji kuhusu viumbe wa msituni. Wawindaji wakawatajia tumbili mmoja mwenye haya, anayekaa juu mitini, waliyemwita kipunji. Wasomi hawakuwa wamemsikia. Wakafuata maneno hayo msituni hadi wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 alitangazwa duniani, na mwaka 2006 ikabainika kwamba hata jenasi yake ni mpya, ikapewa jina la Rungwecebus. Jina la mlima wetu limo katika sayansi kwa sababu watu kama babu yake walijua kutazama, na walipoulizwa walisema. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia, na kipunji waliobaki duniani walikuwa wamehesabiwa kuwa elfu moja na ushee tu. Gobore likirudishwa uzima, safari yake ya kwanza ni huko kwao.

Kwa hiyo alichoacha babu ni ujuzi, si chuma. Usilazimishe chuma cha babu kikae katika maisha yako, hakitakaa. Bibi bado yupo. Kabla hujaenda kwa mtendaji, keti naye jioni, uwashe simu irekodi sauti, na umwulize: babu alipitia njia gani kupanda mlimani, alijuaje mvua inakuja, ndege gani alikataza wasiuawe, gobore alilipata kwa nani na kwa ng'ombe wangapi, siku gani lilimtisha mwenyewe. Yaandike na majina ya mito na miti kama anavyoyataja yeye, kwa lugha yake.

Kisha asubuhi nenda ukaripoti. Darini mtatundika mahindi ya mbegu, na moto utawashwa tena.